Mashine Moja ya Milingi, Timu Nzima: Namna ya Kuifaidi

Mwanafunzi anaishika mashine ya milingi, ile inayokata chuma kwa kisu kinachozunguka, jioni nzima, na katika jioni hiyo kisu kimegusa chuma kwa dakika chache tu. Muda mwingine wote alikuwa anatafuta koleti (kishikio cha kisu) ya saizi yake, anauliza mchoro wa mwisho ni upi, anahesabu mizunguko ya kisu kwenye simu, anafungua jiliwa (kibano cha kushikia kipande) na kulifunga tena. Nyuma yake wamepanga foleni wenzake, kila mmoja ana kipande chake mkononi. Mimi ni fundi wa karakana, nimelea timu za roboti na za magari ya mashindano, na hali hii naikuta kila timu mpya inapoingia.

Kwa hiyo timu ikiniuliza namna ya kuifaidi mashine, sianzi na kasi. Naanza na hili: kila kazi inayoweza kufanyika mezani ifanyike mezani, mashine ibaki ya kukatia tu. Mkilishika hilo, mashine ndogo iliyochakaa itawatolea vipande vingi kuliko mashine mpya ya timu isiyo na utaratibu.

Kazi inaanza kwenye mchoro

Anayechora lazima ajue kisu kina umbo gani. Kisu ni duara, hakiwezi kuacha kona ya ndani iliyo mraba. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba kona yenye nusu kipenyo sawasawa na ya kisu nayo ni mbaya. Ukichora kona ya ndani ya mm 3 halafu ukaja na kisu cha mm 6, kisu kikifika pale kinazama kwenye kona na kugusa chuma kwa robo nzima ya mzingo wake. Kinalia, kinatetemeka, kinaacha mikwaruzo. Chora kona ya mm 4, kisu kilekile kitageuka taratibu na kutoka bila kelele. Nusu milimita au milimita moja ya ziada kwenye kompyuta haikugharimu chochote.

Kina nacho kina mipaka yake. Mfuko, yaani shimo lililochimbwa kwa kisu, wenye kina kinachozidi mara tatu ya kipenyo cha kisu uufikirie mara mbili. Na matundu yote yanayoweza kutobolewa kutoka uso mmoja yatobolewe kutoka uso huo. Kila ukikigeuza kipande unaanza upya kutafuta sero, yaani pale vipimo vinapoanzia, na kila unapotafuta sero upya unaongeza kosa kidogo juu ya lile la kwanza.

Halafu skrubu. Timu ikikubaliana kwamba roboti nzima ni skrubu za M5 (zenye unene wa mm 5) isipokuwa pale inaposhindikana kabisa, mashine itahitaji keekee mbili tu kwa karibu kila tundu: mm 4.2 kwa tundu la kutiwa nyuzi kwa tapu, na mm 5.5 kwa tundu la kupitisha skrubu. Keekee hizo mbili zikae pembeni ya mashine muda wote. Nimeona michoro yenye M3, M4, M5 na M6 kwenye bamba moja, na nilipouliza sababu sikupata.

Vipimo vikali viwekwe pale panapovihitaji. Beringi ya 608 ina kipenyo cha nje cha mm 22, na tundu lake likikosewa kwa sehemu ya kumi ya milimita, beringi itacheza au haitaingia. Pale tumia hedi ya kutanulia tundu, jaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa, ndipo uguse kazi yenyewe. Lakini ukingo wa nje wa bamba usiogusana na kitu, kwa nini umwambie mkataji aufikishe kwenye sehemu ya mia ya milimita? Andika kwamba tofauti ya mm 0.2 inaruhusiwa, umwachie apumue.

Karatasi ya kazi

Hii ndiyo sheria ninayoisimamia bila huruma: hakuna anayepanda mashine na mchoro ulio kwenye simu. Awe na karatasi moja, imeandikwa kwa mkono au imechapwa, haina neno.

Nichukue bamba la ubavu wa giaboksi, alumini ya mm 6. Juu ya karatasi kuna mchoro wa bamba, na kona moja imezungushiwa duara jekundu: hapo ndipo sero. Kila tundu limeandikwa umbali wake kutoka kona hiyo kwa X na kwa Y, siyo umbali kutoka tundu hadi tundu, maana mtu akianza kujumlisha mbele ya mashine inayozunguka atakosea. Chini yake kuna mpangilio wa kazi: kwanza keekee ya senta (fupi, ya kuanzishia tundu) kwenye matundu yote, kisha mm 4.2 yote, kisha mm 5.5 yote, kisha kisu cha mm 10 kwa tundu la beringi hadi libakie kama nusu milimita, mwisho hedi ya kutanulia. Utaona keekee moja inamaliza kazi yake yote kabla ya kubadilishwa. Kubadilisha zana mara kumi na mbili wakati mara nne zinatosha, huko ndiko saa za mashine zinakopotelea. Pembeni ya kila zana pameandikwa mizunguko yake.

Mwenzake mmoja aisome karatasi hiyo na kuisaini kabla chuma hakijafungwa. Asiwe aliyechora. Aliyechora anasoma kilichomo kichwani mwake, hasomi kilichomo kwenye karatasi.

Kama mashine yenu ni ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, sheria ni ileile, ila karatasi inakwenda pamoja na programu. Mpango wa njia za kisu uandikwe na kutazamwa kwenye kompyuta iliyo mbali na mashine. Mtu anayeandika programu huku amesimama mbele ya mashine iliyozimwa ameishikilia bila kuitumia.

Mashine yenyewe iwe imenyooka

Kabla ya msimu kuanza, na kila mtu anapogonga kitu, angalieni kama kichwa cha mashine kimesimama wima juu ya meza. Funga geji ya saa (kipimo cha mshale kinachoonyesha tofauti ndogo sana) kwenye spindo, sehemu inayozungusha kisu, weka spindo huru, izungushe kwa mkono ili ncha ya geji ichore duara la kama mm 150 juu ya meza. Soma mbele, nyuma, kushoto, kulia. Mkifika tofauti isiyozidi mm 0.03 kati ya pande zote, endeleeni na kazi. Kichwa kikiwa kimeinama, matundu yatatoboka mshazari na uso mpana utatoka na mifereji, kisha mtamlaumu mchoraji bure.

Jiliwa nalo linyooshwe kwa geji hiyohiyo. Pitisha ncha yake kwenye taya lisilosogea, kutoka mwanzo hadi mwisho, huku boliti moja ya jiliwa imekazwa na nyingine imeshikwa kidogo tu. Gonga kwa nyundo ya plastiki mpaka mshale utulie ndani ya mm 0.02, ndipo ukaze yote na kupima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe hulisogeza. Likishanyooka, liacheni hapo. Asiliondoe mtu bila kuandika daftarini. Timu inayolitoa jiliwa kila wiki ili kufunga kazi kubwa mezani, kisha ikalirudisha kwa macho, inajitafutia vipande visivyolingana.

Kufunga kipande ndani ya jiliwa kuna siri ndogo. Taya linalosogea likikazwa huelekea kukinyanyua kipande. Weka paraleli mbili (vipande vya chuma vya kimo sawa) chini, kaza, kisha gonga kipande kwa nyundo ya plastiki mpaka paraleli zote mbili zikatae kusogea ukizisukuma kwa kidole. Paraleli moja ikiwa bado inateleza, kipande hakijakaa, na kipimo cha unene utakachopata hakitakuwa cha kuaminika.

Kisu: kifupi, kinene, kikali

Kisu kikichomoza mara mbili zaidi kutoka kwenye koleti, hupinda mara nane zaidi kwa nguvu ileile. Kipenyo kikiongezeka mara mbili, kisu huwa kigumu mara kumi na sita. Hesabu hizo mbili zinatosha kumwongoza mwanafunzi kwenye maamuzi mengi: achague kisu kinene kadiri mchoro unavyoruhusu, akizamishe kwenye koleti kadiri kazi inavyoruhusu. Visu virefu viwekwe kwenye droo ya peke yake, vitolewe kwa kazi inayovidai tu. Vikichanganywa na vifupi, mtu atachukua kilicho karibu.

Kwa alumini tumia kisu chenye meno mawili au matatu. Alumini hutoa chenga (vipande vinavyokatwa na kisu) nyingi na nene, zinahitaji nafasi ya kutokea. Meno manne ni ya chuma. Na tazameni rangi ya visu mnavyonunua: vile vyeusi-zambarau mara nyingi vimepakwa utando wenye alumini ndani yake, na alumini ya kazi hupenda kuushika. Kwa alumini, kisu kisicho na utando na kilichong'arishwa kinafanya vizuri zaidi.

Kisu cha milingi hakifungwi kwenye chaki, kishikio cha keekee. Chaki imetengenezwa kushika kitu kinachosukumwa wima. Ikisukumwa ubavuni kisu huteleza, huzama kwenye kazi, au chaki yenyewe huchomoka kwenye shina lake. Hapo sitaki mjadala.

Mizunguko ihesabiwe mara moja, ibandikwe ukutani. Chukua kasi ya ukataji kwa mita kwa dakika, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa 3.14, gawanya tena kwa kipenyo cha kisu kwa milimita. Kwa visu vya haispidi (chuma kigumu cha visu vya kawaida) mimi huanzia mita 90 kwa alumini na mita 28 kwa chuma laini. Kisu cha mm 10 kitazunguka kama mara 2,900 kwa dakika kwenye alumini, na kama mara 900 kwenye chuma. Visu vya kabaidi, ambayo ni ngumu zaidi, vinastahimili zaidi ya hapo, ila mashine nyingi za wanafunzi hazifiki huko.

Mwendo wa meza ndio unaowashinda wengi. Zidisha mizunguko kwa idadi ya meno kwa unene wa chenga unayotaka kila jino litoe. Kwa kisu hicho cha mm 10 chenye meno mawili, na chenga ya mm 0.05, unapata karibu mm 290 kwa dakika, yaani karibu mm 5 kila sekunde. Mwanafunzi mpya akisikia hivyo anashtuka, kwa kuwa mkono wake wa woga unakwenda theluthi ya hapo. Anadhani anakihurumia kisu. Kisu kinachosogezwa polepole mno hakikati, kinasugua. Kinapata joto na makali yake yanakufa. Kwenye chuma cha pua ni mbaya zaidi, maana uso uliosuguliwa huwa mgumu kuliko ulivyokuwa, na jino linalofuata linakuta ukuta. Ukitaka kuwa mwangalifu, punguza kina cha mkato, usipunguze mwendo.

Sikio na chenga

"Fundi, inalia."
"Inalia vipi, sauti nyembamba au nzito?"

Swali hilo nimelirudia mpaka wanafunzi wanajiuliza wenyewe kabla hawajaniita. Sauti nyembamba kama filimbi mara nyingi ni kisu kinachotetemeka: kimechomoza mno, au mizunguko ni mingi mno. Shusha mizunguko kwanza, mwendo uuache palepale. Sauti nzito inayotikisa mpaka sakafu mara nyingi ni kipande hakijashikwa sawasawa, au kina kimezidi, au umesahau kufunga mhimili usiotumika. Mhimili wa meza usiosogea kwenye mkato huo ufungwe kwa kitasa chake. Ni kazi ya sekunde mbili na inabadilisha uso wa kazi kabisa.

Chenga nazo zinaeleza. Zikitoka kama unga, unasugua. Zikitoka zimejikunja, nene, zote za ukubwa mmoja, uko pazuri. Za chuma zikigeuka bluu mbele ya kisu cha haispidi, unakiunguza, punguza mizunguko. Kwenye alumini tazama mfereji unaouchimba: chenga zikibaki mle ndani, kisu kinazikata upya, zinapata moto, zinajibandika kwenye makali, na dakika ileile kisu kinavunjika. Zitoeni kwa brashi mashine ikiwa imesimama, au kwa hewa ya shinikizo dogo iliyoelekezwa mbali na watu na mbali na reli za meza. Tone la mafuta ya kukatia linasaidia makali yasishike.

Sero na ulegevu wa skrubu

Kifaa cha kutafutia ukingo chenye ncha ya mm 10 kizungushe kama mara 1,000 kwa dakika, kisogeze taratibu hadi ncha yake itulie katikati kisha iruke pembeni ghafla. Iliporuka, ukingo uko mm 5 mbele. Inua spindo, sogeza mm 5, andika sero. Tundu likiwa limehama kwa mm 5 kamili kwenye kazi iliyomalizika, usitafute mchawi: nusu kipenyo ilisahaulika. Ndiyo maana kwenye karatasi ya kazi kuna mstari usemao "mm 5 imetolewa?" na mtu anautia alama.

Skrubu za meza kwenye mashine ya mkono zina ulegevu. Ukizungusha usukani mbele kisha ukarudisha nyuma, utahisi unazunguka kidogo kabla meza haijasogea. Dawa yake ni kuifikia kila namba kutoka upande mmoja daima. Ukipitiliza, rudi nyuma sana kisha uje tena. Kisomaji cha dijitali kinawaokoa hapo kwa kuwa kinapima meza yenyewe badala ya skrubu, ila hakiwaokoi na jambo la pili: mwelekeo wa kukata. Meno ya kisu yakienda upande mmoja na mwendo wa kipande, kisu hukivuta kipande, na meza yenye ulegevu huruka mbele mara moja. Kwenye mashine ya mkono kateni meno yakikabiliana na mwendo wa kipande. Mwelekeo ule mwingine uwe wa mkato wa mwisho tu, wa mm 0.1 hivi, meza ikiwa imekazwa kidogo. CNC yenye skrubu za golori, zisizo na ulegevu huo, ndiyo inayofurahia mwelekeo huo wa kuvuta, na uso unaotoka ni mzuri.

Vipande vinavyokataa kushikwa

Roboti nyingi zimejaa mabomba ya mraba membamba. Bomba lenye ukuta wa mm 1.5 likibanwa kwa nguvu ndani ya jiliwa linabonyea. Tumbukiza ndani yake kipande cha alumini au cha mbao ngumu kinachojaa sawasawa pale taya zinapobana. Wekeni kizuizi cha kudumu mwishoni mwa jiliwa ili kila bomba ligonge palepale. Kwa mabomba nane yanayofanana mtatafuta sero mara moja tu.

Bamba jembamba lina njia yake. Weka ubao wa kutupa mezani, usawazishe kwa kisu. Bandika utepe wa karatasi juu ya ubao na mwingine chini ya bamba, kisha paka gundi ya papo hapo kati ya tepe hizo mbili na ukandamize. Nyuso ziwe safi, zisiwe na mafuta, na mikato iwe ya kina kidogo maana joto huilegeza gundi. Kwa bamba kubwa la mikono ya roboti, njia hii huacha pande zote wazi bila klempu ya kugongana nayo. Bamba dogo kama kiganja lipigwe skrubu ubaoni kupitia matundu yake yenyewe.

Nani anashika mashine

Timu yenye mkataji mmoja hodari ina tatizo, hata kama ni hodari kweli. Akiugua, au akiwa na mtihani, roboti inasimama. Mimi nataka angalau wanne kwa kila msimu, na wawili kati yao wawe wa mwaka wa chini. Mwanafunzi mpya aanze kwa kusawazisha pande sita za kipande cha alumini mpaka kona zote ziwe mraba na vipimo vitimie ndani ya mm 0.1. Kazi hiyo moja inamfundisha jiliwa, paraleli, kalipa, mwendo na subira. Kisha atoboe matundu kwa vipimo. Mifuko na beringi baadaye.

Mashine isiendeshwe na mtu aliye peke yake ndani ya karakana. Miwani ya kinga kwa kila aliyemo, si kwa aliyeshika usukani peke yake. Nywele zifungwe, pete na saa zivuliwe, mikono mirefu ikunjwe juu ya kiwiko. Glavu hazivaliwi mbele ya kisu kinachozunguka, kwa sababu kikiudaka uzi mmoja kinauvuta mkono mzima. Hakuna kupima wala kufuta chenga kabla spindo haijasimama kabisa. Na spana ya kukazia koleti iliyo juu ya kichwa cha mashine haiachwi pale hata kwa sekunde moja. Aliyekaza ndiye anayeitoa, na mkono hauachii spana mpaka iko mahali pake.

Mali bila daftari huisha bila habari, na visu ndivyo mali inayoisha upesi karakanani. Daftari liwe pembeni ya mashine, na kalamu imefungwa kwa uzi. Kila anayetoka aandike kazi aliyofanya, kisu alichotumia, mizunguko, kama kilikata vizuri, na kama kuna kilichovunjika. Kuvunja kisu kusiwe na adhabu. Mkiadhibu, visu butu vitarudishwa kimyakimya kwenye droo na mwenzenu atakipata kile butu usiku wa kuamkia safari ya mashindano. Kuwe na kopo jekundu kwa visu vilivyochoka; kikiingia mle hakirudi.

Daftari hilo hilo ndilo linalowaambia mnunue nini. Mwishoni mwa msimu hesabuni visu vilivyoingia kwenye kopo kwa saizi. Timu nyingi nilizozilea hukuta mm 6 imeongoza, ikifuatiwa na keekee ya mm 4.2. Agizeni hizo kwanza, mara mbili ya mlizomaliza, kabla ya mtu yeyote kuomba zana ya kupendeza aliyoiona kwenye video. Kisha futeni meza, pakeni mafuta mepesi kwenye reli na kwenye taya za jiliwa, shusheni spindo, funikeni mashine, na daftari mkabidhini anayebaki mwakani, siyo anayehitimu.